Jicho Lisilo na Uso

Mombasa huvumilia fumbo likija kwa maneno. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliuachia mji huu beti ambazo hadi leo watu hukaa wakazigeuzageuza: anayesemwa hapa ni nani, ni mtawala au ni mpenzi, ni vita vya Mazrui wa Mombasa na Busaidi wa Omani au ni ugomvi wa nyumbani? Hakuna anayedai kwamba shairi limeshindwa kazi yake kwa kuwa halikujieleza papo hapo. Kanga nazo ndizo usiseme. Mtu hununua doti Biashara Street, akajifunga, akapita mlangoni kwa jirani bila kufungua kinywa, na ujumbe ukamfikia aliyekusudiwa. Lakini mletee mtu huyohuyo picha isiyoeleweka kwa kutupiwa jicho mara moja. Atauliza, "Hii ni nini?" na usipomjibu atahisi anachezewa.

Hili kwangu ni kubwa kuliko suala la nani anapenda sanaa na nani haipendi. Siku hizi mambo mengi mno tunayaamua kwa picha, na mtu asiyeweza kukaa na picha asiyoielewa huishia kuamini jina la kwanza atakaloambiwa. Nataka kulieleza kwa kupitia chapa moja tu, yaani picha iliyochapwa karatasini, iliyotolewa Paris mwaka 1926, kwa sababu sijaona nyingine inayoonyesha kwa uwazi namna hii pale kuona kunapokoma.

Chapa hiyo ni ya Max Ernst, Mjerumani aliyezaliwa Brühl, karibu na Cologne, mwaka 1891. Alisoma falsafa Bonn, akapigana Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1922 akahamia Paris, ambako alikuja kuwa nguzo mojawapo ya usurealisti, ile harakati ya sanaa iliyochota kwenye ndoto na mambo yasiyotawaliwa na akili. Jina la chapa ni La Roue de la lumière, Gurudumu la Mwanga, nayo ni ya 29 katika mkoba wa picha 34 uitwao Histoire naturelle uliotolewa na mchapishaji Jeanne Bucher. Ukiitazama unaona jicho moja limekodolewa, limeujaza karibu ukurasa mzima. Hakuna pua, hakuna shavu, hakuna mtu. Kuzunguka mboni kuna mistari iliyotawanyika, na makunjo ya ngozi yanayolizunguka jicho yamejaa mishipa. Sogea karibu uifuate mishipa hiyo ilivyogawanyika, mkubwa ukizaa midogo, midogo ikizaa iliyo midogo zaidi. Ngozi ya binadamu haina mishipa ya namna hiyo. Jani ndilo linayo.

Namna ilivyotengenezwa ndiyo nusu ya maana yake. Kwa masimulizi ya Ernst mwenyewe, aliyoyachapisha mwaka 1936, siku ya tarehe 10 Agosti 1925 alikuwa katika nyumba ya wageni kando ya bahari huko Ufaransa, mvua inanyesha. Macho yake yakanasa kwenye mbao za sakafu. Zilikuwa zimesuguliwa na kuoshwa mara nyingi mpaka mistari ya mti ikachimbika. Akaangusha karatasi juu yake ovyoovyo, akazisugua kwa penseli, na michirizi iliyotokea ikaanza kumwonyesha vitu ambavyo havikuwa sakafuni. Baadaye akafanya vivyo hivyo kwa majani, kwa gunia lililochakaa na kwa uzi uliofumuka kutoka kwenye kigurudumu chake. Kazi hiyo ya kusugua ndiyo iliyokuja kuitwa frotaji.

Mtoto yeyote wa Mombasa aliyewahi kuweka sarafu mpya ya shilingi 20 chini ya karatasi ya daftari na kusugua juu yake kwa penseli ameshaifanya. Kwanza hutokea ukingo wa duara, kisha mistari isiyosema kitu, kisha mkonga, na hapo ndipo mtoto hupiga kelele kwamba ni ndovu. Nimewatazama wakifanya hivyo, na linalonivutia ni ule muda mfupi kabla ya kelele. Mkono umeshakipitia kitu chote lakini jicho bado halijui. Ernst aliuchukua muda ule akaurefusha ukawa kazi ya sanaa. Alichagua mabaki ya kusugua, akayapanga, akakaza mstari hapa na pale, lakini akahakikisha kwamba jani linabaki kuwa jani hata baada ya kuwa jicho.

Penseli yake haikugusa kurasa zilizomo katika mkoba ule. Michoro aliyoisugua ilipigwa picha, kisha ikachapwa kwa kolotipi. Katika njia hiyo kioo hupakwa jelatini iliyotiwa kemikali inayoathiriwa na mwanga. Mwanga ukipita kwenye negativu, ile filamu ya picha iliyogeuza nyeusi na nyeupe, jelatini hukakamaa, zaidi mahali penye mwanga mwingi, kidogo mahali penye mwanga hafifu, na palipokakamaa ndipo panaposhika wino. Matokeo yake hayana vile vitone vya picha ya gazeti. Kivuli hushuka kidogo kidogo, na chembe za penseli huonekana wazi hata ukadhani zingekuchafua kidole.

Sasa hesabu safari yenyewe: jani, karatasi, penseli, kamera, jelatini, wino. Nakala niliyo nayo imeongeza kamera ya makumbusho, skrini ya kompyuta, na mashine ya duka la katikati ya mji linalochapa mabango na kadi za harusi. Katika mlolongo wote huo hakuna mahali jicho lilipoingizwa. Hakuna mtu aliyekaa kitini akachorwa. Na bado kila anayeitazama husema "jicho" kabla hajavuta pumzi ya pili. Jicho hilo limeletwa na mtazamaji.

Ernst aliongeza jambo jingine, nalo mimi huliona kuwa la ujasiri zaidi. Aliuita mkoba wake historia ya viumbe, akaupanga kwa sura ya vile vitabu vya elimu ya wanyama na mimea ambamo kila ukurasa una kielelezo kimoja na jina lake. Wa kwanza ni bahari na mvua, wa mwisho ni Hawa, kana kwamba tunasomeshwa uumbaji kwa mpangilio. Ndani yake hakuna kiumbe ambacho mtaalamu angekikuta porini. Ukurasa una adabu zote za elimu, elimu yenyewe haimo. Mtu akishauona mkoba huo hawezi tena kufungua kitabu chenye vielelezo vilivyopangwa vizuri bila kujiuliza ni kiasi gani cha imani yake kinatoka kwenye kitu kilichochorwa na ni kiasi gani kinatoka kwenye mpangilio.

Turudi kwenye ile mistari inayozunguka mboni. Inaingia au inatoka? Swali hili lina historia ndefu. Euclid na Ptolemy, wanazuoni wa Kigiriki wa kale, walifundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Aliyeivunja nadharia hiyo kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi yake kubwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Alionyesha kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu ukaingia machoni. Tazama jua na jicho litauma, jambo ambalo halingetokea kama jicho ndilo lingekuwa linatuma. Hilo husomeshwa. Lisilosomeshwa sana ni sehemu ya pili ya hoja yake: kwamba mwanga ukishaingia, kazi bado. Mengi tunayoyaita kuona ni utambuzi, kulinganisha na kumbukumbu na kukata shauri, na akili huyafanya hayo kwa haraka kiasi kwamba mtu hajui kuwa amekata shauri. Huamini ameona tu.

Hata kwenye nyama ya jicho lenyewe kuna upungufu. Pale neva inapotoka kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwenda ubongoni hapaoni chochote. Mwanafizikia Edme Mariotte alilithibitisha hilo Ufaransa katika miaka ya 1660. Chora msalaba na nukta, viachane kwa sentimita 8, nukta ikiwa kulia. Ziba jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye msalaba, kisha isogeze karatasi polepole ikiwa karibu sentimita 30 kutoka usoni. Nukta itapotea, na mahali pake hutaona tundu. Utaona karatasi nyeupe, imejazwa na ubongo wako bila kukuomba ruhusa.

Nakala yangu niliichukua jioni moja hadi barazani Mji wa Kale, muuza kahawa akiwa ameshatua dele lake na vikombe vinazunguka. Sikusema ni nini wala ni ya nani. Kijana mmoja anayefanya kazi bandarini aliipokea, akaigeuza juu chini, akasema ni jani la mkungu lililooza. Mwenzake akacheka, akasema ni jicho wazi kabisa, na akanishauri kwa dhati nisilitundike nyumbani.

"Jito kama hilo ukutani, bwana, ni kutafuta husuda. Wageni wakija huyo ndiye atakayewatangulia kuwatazama."

Nikamgeukia mzee mmoja ambaye amevua samaki tangu utotoni, na ambaye mpaka hapo alikuwa kimya. "Na wewe, ami, waona nini?"

Aliishika karatasi mbali na uso kama wafanyavyo watu wa umri wake. Akapitisha kidole gumba juu ya kope, taratibu, kana kwamba anatafuta mkwaruzo. Karatasi ilikuwa laini.

"Naona alama za kitu," akasema. "Kitu chenyewe hakipo." Kisha akaanza kusema habari za bahari. Mwamba uliozama hauonekani, mwanangu. Utaujua kwa namna maji yanavyojikunja juu yake, na kwa rangi, na rangi hubadilika wingu likipita. Mahali penye samaki hapana bango. Hupatikana kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mnara na mnazi, mpaka zikae mstari mmoja, kisha alama nyingine mbili za upande wa pili. "Mnazi ukikatwa, utaanza kujifunza upya."

Yule kijana wa husuda simchukulii kuwa mjinga. Watu wa mwambao huu wameishi na imani kwamba jicho hutenda, halipokei tu, na mitepe ya Lamu, zile jahazi zilizoshonwa kwa kamba, ilichorwa jicho omoni. Kwa elimu ya mwanga, Ibn al-Haytham alikwisha kuamua kesi hiyo. Lakini katika mambo ya watu bado nadhani kijana ana hoja: macho yanayokutazama hubadilisha unavyokaa, na chapa ya Ernst hupata nguvu yake kwa kutokuacha uwe mtazamaji peke yako. Mzee ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Yeye hakuhitaji kuambiwa habari za frotaji. Aligundua kwamba ukurasa umebeba alama, na kwamba alama huhitaji kazi kabla ya kuwa ujuzi.

Kama kuna mahali duniani panapopaswa kuielewa tofauti hiyo, ni hapa kwetu, kwa sababu moja ya kesi mashuhuri za kuona na kutoaminiwa ilianzia nje kidogo ya Mombasa. Tarehe 27 Aprili 1848, mmishonari Johannes Rebmann aliondoka kituo chake cha Rabai akielekea bara. Tarehe 11 Mei, kwenye safari ya Uchagani, aliuona Kilimanjaro, na juu yake kitu cheupe kinachong'aa. Alimuuliza mmoja wa waongozaji wake ni nini kile. Akajibiwa: baridi. Rebmann, aliyekulia nchi yenye theluji, akakata shauri kwamba ni theluji.

Pwani kulikuwa na habari nyingine, kwamba cheupe kile ni fedha. Na huko juu watu walikuwa na simulizi ambayo Rebmann aliipokea baadaye: mfalme mmoja wa Machame alituma watu wapande wakakiangalie kitu hicho. Karibu wote walikufa. Aliyenusurika alirudi mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Habari ilipochapishwa London mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa. Cooley alikuwa msomi wa kweli, mtu aliyesoma maandishi ya Waarabu na Wareno kuhusu Afrika kwa bidii ambayo wachache wa zama zake walikuwa nayo. Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Kwake yeye mlima wenye theluji ya kudumu karibu na ikweta ulikuwa ndoto ya mmishonari, na alishikilia hivyo miaka na miaka, hata mmishonari mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, alipotoa habari kwamba naye ameuona mlima wa Kenya ukiwa mweupe kutoka Ukambani mwezi Desemba 1849. Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya Kilimanjaro mwaka 1861 na tena 1862, akarudi na ushahidi uliowatosha wanajiografia wengine.

Wapangie watu hawa mbele ya kitu kimoja cheupe. Wa pwani waliona fedha, kwa sababu fedha ndiyo weupe wa thamani waliokuwa wakiujua. Rebmann aliona theluji kwa sababu aliwahi kuikanyaga. Cooley aliona kosa la macho kwa sababu vitabu vyake havikuwa na nafasi ya kitu hicho. Mwongozaji ndiye pekee ambaye jibu lake halikuwa jina la kitu. Alisema kinavyofanya mwilini. Na ujuzi wa hakika kuliko wote aliulipia yule mtu wa Machame aliyeharibiwa mikono na miguu, ambaye ushahidi wake haukuwahi kufikishwa kwenye mkutano wowote wa wanajiografia. Ninapousoma mkasa huu nikiwa na jicho la Ernst mezani, naona kwamba mkono uliotangulia kugusa ndio uliojua, na kwamba ukurasa uliochapwa vizuri London ulipewa imani ambayo haukuistahili.

Rebmann mwenyewe aliishi Rabai mpaka akapofuka. Alirudi Ujerumani mwaka 1875, akafa mwaka uliofuata.

Kuna na ramani. Katikati ya miaka ya 1850, Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walichora ramani ya bara kwa kusikiliza wafanyabiashara wa misafara, watu waliokuwa wamefika huko kwa miguu. Kila msafara ulitaja maji makubwa mwisho wa njia yake, na wachoraji wakayaunganisha maji yote yakawa ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ziwa hilo halipo. Lililopo ni maziwa matatu, Victoria, Tanganyika na Nyasa. Hata hivyo ramani hiyo iliyokosea ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke watumwe kuyatafuta maziwa hayo, na mwezi Januari 1857 walikuwa Rabai wakizungumza na Rebmann. Kila msimulizi alisema kweli kuhusu mahali aliposimama. Kosa lilikuwa kwenye haraka ya kuunganisha.

Haraka hiyo ndiyo ninayoiogopa leo, na sasa iko mikononi mwa kila mtu. Picha ya mafuriko ya nchi nyingine inaweza kuingia kwenye kundi la WhatsApp ikiwa imebandikwa jina la mtaa wa Likoni, na kabla ya maghribi watu wameshachanga fedha, wameshamtukana kiongozi, wameshahamisha watoto. Sasa kuna programu zinazotengeneza uso wa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na sauti yake juu. Wengi wanatafuta dawa ya kiufundi, alama za siri ndani ya faili, mashine za kuikagua mashine. Sizipingi. Ila Cooley hakudanganywa na picha ya bandia. Alidanganywa na uhakika wake. Anayesambaza picha ya mafuriko na msomi aliyeikataa theluji wamefanya kosa lilelile kwa pande mbili: jina lilifika kabla ya kutazama, na lilipofika kutazama kukaisha.

Najua nitaambiwa kwamba usurealisti ni mambo ya Paris, ya watu walioshiba wakatafuta kushangazwa. Kuna ukweli ndani yake. Wasurealisti walijaza nyumba zao vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki, na mara nyingi jina la aliyechonga halikuulizwa. Kundi hilohilo, mwaka 1931, lilisambaza karatasi ya kuwataka watu wasiende kwenye Maonyesho ya Makoloni jijini Paris, wakati mamilioni walikuwa wakienda. Yote mawili yalitokea, nami siwezi kulifuta moja kwa jingine.

Ila hoja ya ugeni huanguka mtu akisimama mbele ya mlango wa nakshi Mji wa Kale. Tazama mfaa, ule mti wa katikati unaopokea mbao mbili za mlango zikifungwa. Fundi ameuchonga maua, minyororo na mawimbi, moja likiingia ndani ya jingine, wala hakuna mahali pa kusema hapa ua limekwisha na wimbi limeanza. Macho hupanda na kushuka bila kupata pa kutua. Hakuna uso, hakuna mnyama, na kwa nyumba nyingi za mji huu hilo lilikuwa jambo la dini pia, la kutochora vyenye roho. Fundi aliyezuiwa uso akapata kitu ambacho Ernst alikitafuta kwa kusugua mbao: uso wa mti unaotazamika kwa muda mrefu bila kujitaja. Urithi wetu wa macho ni huo. Tunapita mbele yake kila siku tukienda kununua mahamri, na tunawaachia watalii kazi ya kuutazama.

Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kuta zenye madoa ya unyevu mpaka waone milima na vita, na Ernst aliukumbuka ushauri huo alipoeleza kazi yake. Kwa kuta zenye madoa, Mombasa haihitaji kuazima kwa mtu. Chokaa ya nyumba za mawe ya matumbawe hunyonya chumvi, hufura, hubanduka, na baada ya masika ukuta mzima huwa umechorwa upya.

Ninachokipendekeza si ghali. Mtaala wa umilisi umeipa sanaa bunifu nafasi yake darasani. Basi wachukuliwe watoto na karatasi nyepesi na krayoni nyeusi ngumu. Wakasugue gome la mkungu, kizingiti cha nyumba baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa, kifuniko cha mtaro, jamvi, kikuti, magamba ya samaki aliyekauka. Wasiguse kabisa michoro ya karne ya 17 iliyoachwa na Wareno katika kuta za Fort Jesus, zile merikebu na samaki waliochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Hiyo ni ya kutazamwa kwa mbali, na ilipasa kila mtoto wa mji huu awe ameiona kabla ya kumaliza shule ya msingi. Ngome iko hapa tangu 1593. Basi la shule linaweza kufika.

Na kuwe na sharti moja gumu: karatasi ikishasuguliwa, kwa kipindi kizima mtu asitaje ni kitu gani. Aeleze mstari ulipoanza, ulipogawanyika, ulipopotea, na ni wapi mkono ulihisi kitu ambacho karatasi haikukionyesha. Siku ya pili abadilishane na mwenzake, na mwenzake aandike anachokiona pamoja na sababu. Siku ya tatu waende pamoja mahali penyewe wakaangalie.

Walimu wataniuliza kazi hiyo itasahihishwa vipi, na swali ni la haki, maana wana madarasa yaliyojaa na fomu za kujaza. Nisingetoa alama kwa kupatia. Ningetoa kwa idadi ya mambo ambayo mtoto ameyaona kabla ya kulitaja jina, na nyingine kwa kila mahali alipoandika kwamba alidhani hivi, akaenda, akakuta vile.